Kipima Mapigo Kwanza, Vingine Baadaye: Vifaa vya Baiskeli kwa Mtu wa Kisumu

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuongee habari za baiskeli. Msiogope, kompyuta haitakuwa mbali. Mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta hawezi kuona kifaa kinachotoa namba akakaa kimya.

Hapa Kisumu tuna kikundi kidogo cha watu sita. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, tunakutana Kondele na kupanda baiskeli zetu. Yuko mwalimu, wako wawili wenye vibanda vya M-Pesa, yuko muuguzi ambaye sote tunamwita Sista, yuko kijana anayemaliza chuo, na mimi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Tulikaa mbele ya runinga siku ya wanaume, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, tukamwona Tadej Pogačar akishinda na tukahesabu waliofika mwisho: 30 tu! Jambo jingine tuliloliona ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na kompyuta ndogo kwenye usukani, na macho yake yalikuwa hapo kila mara.

Basi ndipo hamu ilipoanza. Sisi tuna chama chetu cha kuchangiana, na tukaamua kwamba mzunguko huu kila mtu akifikiwa na zamu yake, KSh 15,000 zitumike kununua kifaa cha mazoezi. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", nikapewa kazi ya kutafuta kipi kinunuliwe. Zamu ya kwanza ilikuwa ya kijana wetu wa chuo. Yeye alishachagua tayari: saa kubwa ya mkononi, yenye kioo kinachong'aa, inayopima (eti) kila kitu.

Elfu kumi na tano kwa mwanafunzi si pesa ya mchezo. Ndiyo maana nilijiwekea swali moja la kupimia kila kifaa, nalo nawapa bure: namba hii itabadilisha nini katika nitakachofanya kesho asubuhi? Kama jibu ni "hakuna", kifaa hicho ni pambo. Pambo si dhambi, lakini tusilinunue kwa pesa ya chama.

Tuanze na mambo mawili ambayo vifaa hivi hupima. La kwanza ni nguvu, yaani wati: kazi unayoisukumia pedali kila sekunde. La pili ni mapigo ya moyo kwa dakika. Watu huyachanganya, lakini yanajibu maswali tofauti. Wati hukwambia umefanya kazi kiasi gani. Mapigo hukwambia kazi hiyo imeugharimu mwili wako kiasi gani. Shikilia tofauti hiyo, maana kwa mtu anayeishi kando ya ziwa letu ndiyo itakayoamua mambo yote huko mbele.

Mapigo yanapimwaje? Ziko njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ukanda wa kifuani. Moyo kila unapopiga hutoa umeme mdogo sana unaofika hadi kwenye ngozi. Ukanda una sehemu mbili zinazogusa ngozi na kuusoma umeme huo, kisha kidude kilicho katikati huhesabu muda kati ya pigo na pigo na kuzirusha namba hewani. Kampuni ya Polar, iliyoanzishwa Ufini mwaka 1977, ndiyo iliyotoa kipima mapigo cha kwanza cha kuvaliwa kisicho na waya mwaka 1982. Tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana. Ni teknolojia ya zamani, na kwa jambo hili uzee wake ni sifa.

Njia ya pili ni mwanga. Geuza saa ya mkononi utaona taa za kijani chini yake. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi hupita chini ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo mwanga unaorudi huongezeka. Saa huhesabu mawimbi hayo. Ukiwa umekaa kwenye kochi hufanya kazi vizuri sana. Lakini juu ya baiskeli umeshika usukani kwa nguvu, kifundo cha mkono kimekunjika, na barabara inakutetemesha mifupa yote. Kwa hiyo saa inabidi ikisie: wimbi hili ni la damu, au ni la shimo tulilopita sasa hivi?

Hapa najua kuna msomaji ana swali jingine: je, mwanga huo unaiona ngozi nyeusi sawasawa? Ni swali la haki kabisa. Melanini nayo hunyonya mwanga wa kijani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima saa za aina mbalimbali kwa watu 53 wa rangi zote za ngozi. Hawakuona tofauti kubwa kati ya rangi na rangi katika mapigo ya moyo. Kilicholeta makosa kilikuwa mwendo: watu walipofanya shughuli, kosa lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko walipopumzika, na saa ya aina moja ilitofautiana na nyingine. Lakini usiichukue habari hiyo ukaipeleka kila mahali. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba vile vibanio vya kidoleni vya kupimia oksijeni ya damu vilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Vile hutumia mwanga mwekundu na usioonekana, na hesabu yake ni nyingine. Kwa hiyo saa ikikwambia "oksijeni asilimia 97", uwe na shaka kidogo.

Mimi sipendi kuamini tu nilichosoma, kwa hiyo nilifanya jaribio langu. Niliazima saa kwa mwalimu, nikaivaa pamoja na ukanda, nikaenda kwa baiskeli hadi Maseno, pale penye alama ya ikweta, na kurudi. Nyumbani nikachukua mafaili mawili na kuyalinganisha kwa programu fupi ya Python. Sehemu ya tambarare kutoka mjini hadi Kisian, saa na ukanda vilikwenda pamoja kama ndugu mapacha. Mlima ulipoanza vikaachana. Ukanda ulisema 168, saa ikasema 131, na ikang'ang'ania hapo dakika nne nzima! Mtu anayefuata saa ile angeongeza kasi akidhani amelala, huku moyo wake unalia.

Kijana wetu alipoiona grafu ile alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kaka, kwa hiyo saa zote ni bure?" La. Kwa kutembea, kwa usingizi, kwa mapigo ya kupumzika, saa nzuri inatosha. Tena kuna vihisi vya mwanga vinavyofungwa kwenye mkono wa juu, chini kidogo ya bega, ambako msuli ni mnene na kifundo hakikunjiki. Hivyo hufanya vizuri zaidi kuliko vya kwenye kifundo, na Sista anavipendelea kwa sababu ukanda wa kifuani humsumbua pamoja na sidiria. Lakini ukitaka usahihi kwa pesa kidogo, ukanda bado ndio mfalme. Ule wa Polar H10, ambao wengi huutumia kupimia vifaa vingine, huuzwa ng'ambo kwa dola 100 hivi. Ipo kanda ya kampuni ndogo kwa dola 30 au 40, nayo husoma umeme uleule wa moyo.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifurahisha mimi kama mwandishi wa programu. Ukanda wa kisasa huzungumza kwa Bluetooth ya nishati ndogo, ile iliyoingia katika toleo la 4.0 mwaka 2010. Uzuri wake ni kwamba lugha ya mapigo ya moyo ni ya wote, haina mwenyewe. Kila ukanda unaofuata kanuni hutangaza huduma yenye namba 0x180D, na mapigo hutoka kwenye mlango wenye namba 0x2A37. Baiti ya kwanza ni ya alama: hukueleza kama mapigo yameandikwa kwa biti 8 au 16, na kama nyuma yake kuna muda kati ya pigo na pigo. Muda huo huhesabiwa kwa vipande vya sekunde, kila sekunde ikigawanywa mara 1,024. Basi! Kwa Python na maktaba iitwayo bleak, mistari isiyofika thelathini inatosha kuusoma moyo wako kwenye kompyuta yako, bila akaunti, bila kulipia kwa mwezi, bila kumwambia mtu yeyote ng'ambo ulilala saa ngapi.

Kwa nini hili ni muhimu kwa mnunuzi wa kawaida asiyeandika programu? Kwa sababu kifaa kinachozungumza lugha ya wote hukubali simu yoyote na programu yoyote. Kampuni ikifunga duka, ukanda wako bado unafanya kazi. Kifaa kinachokubali programu moja tu ya mwenyewe, siku mwenyewe akichoka, kinageuka kuwa chuma chakavu. Kwa hiyo soma boksi: tafuta neno Bluetooth na, kama unaweza, ANT+ pia, ambayo ni lugha nyingine ya redio inayotumiwa sana na kompyuta za baiskeli. Ukikuta "hufanya kazi na programu yetu pekee", rudisha boksi mahali pake.

Haya, tumepata mapigo. Tuyafanyie nini?

Programu nyingi zitakuuliza umri, kisha zitoe 220 na kukwambia kilichobaki ndicho kikomo chako. Mimi nina miaka 28, kwa hiyo 192. Fomula nyingine, ya mwaka 2001, husema 208 kutoa asilimia 70 ya umri, nami napata 188. Moyo wangu wenyewe haukusoma makala hayo: kwenye mlima wa Riat umewahi kufika 199. Fomula hizi ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi au zaidi. Ukijenga mazoezi yako yote juu ya namba ya umri, umejenga nyumba kwenye mchanga wa Dunga.

Njia bora ni kupima. Kocha wa Marekani Joe Friel alieneza jaribio rahisi: baada ya kupasha mwili moto, endesha peke yako dakika 30 kwa juhudi yote unayoweza kuihimili hadi mwisho, kisha chukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Wangu ni 171. Kwa mazoezi mepesi ya masafa marefu yeye hushauri kubaki kati ya asilimia 81 na 89 ya namba hiyo. Kwangu ni 139 hadi 152. (Kama una shida ya moyo, presha, au ukoo wenu una historia hiyo, muone daktari kwanza kabla ya jaribio la juhudi yote. Sifanyi mzaha.)

Nilimweleza haya baba yangu mdogo. Yeye alibeba abiria kwa baiskeli hapa Kisumu kabla pikipiki hazijaichukua kazi ile, Black Mamba yenye kiti cha nyuma, kutoka soko la Kibuye hadi utakako. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Nyathina," akaniambia, "sisi tulikuwa na kipimo. Ukiweza kupiga soga na abiria, uko sawa. Ukianza kumjibu kwa kutikisa kichwa, punguza mwendo, maana jioni hutafika."

"Basi vaa ukanda huu, Baba Mdogo, tuone."

Akauvaa. Tukaenda Dunga na kurudi kwa mwendo wake, akinisimulia habari za samaki, za siasa, na za mtu aliyemkimbia bila kulipa miaka mingi iliyopita. Nilirudi na faili lenye mstari ulionyooka kama uzi: 112, 115, 118, 114. Mara moja tu ulipanda hadi 131, na nilipolinganisha muda nikakumbuka: ndipo alipoacha kuzungumza. Wataalamu wa mazoezi nao hukitumia kipimo hicho cha mazungumzo, na wanakiheshimu. Kwa hiyo msomaji usiye na shilingi hata moja ya ukanda, kipimo cha Baba Mdogo unacho tayari mdomoni.

Sasa wati. Vipima nguvu vya baiskeli vilianza Ujerumani, ambako mhandisi Ulrich Schoberer alianzisha SRM mwaka 1986. Siku hizi vipo ndani ya pedali au kwenye mkono wa pedali, na bei yake ni mamia ya dola, pengine kuzidi bei ya baiskeli yenyewe. Ni vifaa vizuri mno. Moyo huchelewa kujibu: ukikurupuka kwa sekunde 20, mapigo hupanda ukiwa umeshamaliza. Wati hujibu papo hapo. Mtu wa mashindano anavihitaji.

Lakini sisi tuna mlima, na mlima ni kipima nguvu kisichohitaji betri. Chukua barabara ya Kakamega, ukitoka Mamboleo kupanda kuelekea Kiboswa. Chagua sehemu kali, weka alama ya kuanzia na ya kumalizia, tafuta tofauti ya kimo kwenye ramani. Tuseme ni mita 200. Mimi na baiskeli yangu na maji ni kilo 80. Zidisha 80 kwa 9.81 kwa 200, upate jouli 156,960. Nikipanda kwa dakika 15, yaani sekunde 900, ni wati 174. Nikipanda kwa dakika 14, ni wati 187. Hapo sijahesabu upepo na msuguano wa tairi, ndiyo maana nasema chagua mahali pakali, ambapo mwendo ni wa taratibu na uzito ndio adui mkuu. Namba haitakuwa sahihi kama ya maabara. Lakini mlima uleule, baiskeli ileile, asubuhi isiyo na upepo: mwezi ujao ukiwa na wati 13 zaidi, umeimarika, na hukulipa kitu.

Halafu kuna trena janja, zile mashine unazofunga baiskeli yako ndani ya nyumba, zikawasiliana na kompyuta na kukaza au kulegeza pedali kufuata mlima wa kwenye kioo. Nzuri kabisa huzidi dola 1,000. Zilipata umaarufu Ulaya na Marekani kwa sababu ya majira ya baridi, ambapo saa kumi jioni kumeshakuwa giza na barabara zina barafu. Sisi jua letu huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Tena trena inataka stima na intaneti visivyokatika, na feni kubwa, maana bila upepo wa mwendo utachemka kama chungu katika joto la Kisumu. Hata hivyo sitaidharau. Mwalimu wetu mkewe aliacha kuendesha baada ya lori kumsukumia kwenye shimo la kando ya barabara ya Busia. Kwa mtu kama huyo, trena ya kawaida isiyo janja, pamoja na ukanda wa kifuani, inaweza kumrudishia mazoezi yake. Upande wa ujanja si wa lazima.

Nimesema mapigo hupima gharama. Sasa nieleze kwa nini gharama ndiyo ya kupimwa kwanza hapa kwetu.

Kisumu ni mita 1,130 hivi juu ya bahari, na mchana joto hukaribia nyuzi 30, na unyevu wa ziwa juu yake. Katika joto moyo una kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli, na kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Ukitokwa na jasho, maji ya damu hupungua, na kila pigo hubeba damu kidogo zaidi. Kwa hiyo kazi ileile iliyokuwa ya mapigo 145 saa moja asubuhi huwa ya 160 saa nne, pale Ahero kwenye mashamba ya mpunga, ambako hakuna hata mti wa kukimbilia. Kipima nguvu hakitakwambia hilo. Kitaendelea kusema wati 150, kila kitu salama. Ukanda ndio utakaosema: kunywa maji, punguza.

Na kuna malaria. Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya, kila mtu hapa anajua. Homa hupandisha mapigo, na kwa kawaida huhesabiwa kama mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Tena vimelea hupasua chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, na moyo hulazimika kuongeza kasi kufidia.

Kijana wetu mwishowe alinunua ukanda. Nilimwomba jambo moja: kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, auvae dakika tano na kuandika namba. Alikuwa 50 hadi 54, moyo wa ng'ombe wa plau. Kisha ikaja Aprili, mvua za masika, mbu kila kona. Jumatano 57. Alhamisi 63. Ijumaa 70. Kesho yake tulikuwa tumepanga safari ya kwenda Kendu Bay kupitia Ahero na Katito na kurudi, siku nzima juani, na yeye ndiye aliyeipanga.

Ijumaa jioni nilimpelekea Sista jedwali lile kwenye simu. Alimpigia kijana palepale, nami nikiwa nimesimama naye.

"Kesho huendi popote kabla hujapima damu."

"Lakini Sista, sina homa. Nimechoka tu kidogo, ni mitihani."

"Nimekusikia. Kapime."

Alienda akinung'unika. Vipimo vikaonyesha malaria. Akapewa AL, akazimeza siku zote tatu kama alivyoelekezwa, na Jumapili usiku ndipo homa yenyewe ilipomkamata sawasawa, huku dawa iko tayari mwilini. Sijui ingekuwaje kama ingemkuta njiani Katito, jua la saa saba, maji yamemwishia. Wiki ya pili mapigo yakarudi 58, kisha 53, na Sista ndiye aliyemruhusu kupanda baiskeli tena.

Tafadhali nielewe vizuri. Ukanda haugundui malaria. Mapigo ya asubuhi hupandishwa na usingizi mbaya, na pombe ya jana, na wasiwasi wa mitihani, na mazoezi ya kuzidi kipimo. Mtu anaweza pia kuwa na malaria na namba isionyeshe lolote siku hiyo. Namba inasema tu kwamba mwili unalipa gharama ambayo hukuipanga, kwa hiyo simama uulize kwa nini. Kuuliza kwenyewe ni kazi ya zahanati. Ukiwa na homa na mapigo yako ni mazuri, nenda vilevile. Lakini kijana yule maneno yetu asingeyasikia. Alisikia safu yake mwenyewe ya namba, zilizoandikwa kwa mkono wake.

Kwa hiyo huu ndio mpango niliouweka mezani kwenye kikao cha chama, nao ukapita:

1. Kofia ngumu na taa nyekundu ya nyuma, kama huna. Hizi si za kujadiliwa.

2. Ukanda wa kifuani wenye Bluetooth, na ANT+ ikiwezekana. Usiyependa ukanda, chukua kihisi cha mkono wa juu. Simu uliyonayo itatosha kurekodi.

3. Daftari au jedwali la mapigo ya asubuhi. Bei yake ni dakika tano. Baada ya wiki tatu utaijua namba yako, na siku ikihama utaiona.

4. Kinachobaki, nunua tairi nzuri na chupa mbili za maji.

5. Kipima nguvu na trena janja, siku utakapoanza kushindana au siku utakaposhinda bahati nasibu.

Na mambo madogo ya kutunza ukanda. Lowesha zile sehemu mbili kwa maji kabla ya kuvaa, la sivyo dakika kumi za kwanza utapata namba za ajabu. Ukimaliza, chomoa kile kidude kutoka kwenye ukanda, maana kikibaki kimeshikana na kitambaa chenye unyevu hudhani bado umekivaa na kula betri. Suuza ukanda kwa maji ya kawaida, uanike kivulini. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua kanda nyingi. Betri ni ile ya duara kama kitufe, nyingi ni za CR2032 au CR2025, hupatikana kwa wauza saa. Soma namba ya yako kabla ya kununua.

Zamu inayofuata ni ya mwalimu, naye ameniuliza kama saa yake aiuze. Nimemwambia abaki nayo ya kulalia, anunue ukanda wa kupandia Riat. Jumamosi hii tunaijaribu tena ile safari ya Kendu Bay. Tutapita Ahero mapema, kabla jua halijakasirika. Ukituona, tupungie mkono.